Waliobaki na Mizigo Nao Wana Fungu

Andiko la kusoma: 1 Samweli 30:9–25



Jumapili iliyopita mchungaji alitupitisha katika habari ya Daudi na watu wake kule Siklagi. Alipofika kwenye kile kijito cha Besori alisimama kidogo, akasema tusikiruke haraka, kwa sababu wengi wetu tunaishi pale. Nimeombwa niandike machache juu ya hilo. Naandika kama mama na kama mmoja wa wanaoishi pale kijitoni.

Tukumbushane habari yenyewe. Daudi na watu wake 600 wanarudi nyumbani, wanakuta mji umechomwa na Waamaleki wamewachukua wake na watoto. Wanalia mpaka nguvu zinaisha, kisha wanawafuata adui. Wakifika Besori, watu 200 wameishiwa kabisa na hawawezi kuvuka. Wanabaki pale na mizigo ya wenzao, na wale 400 wanaendelea. Mungu anawapa ushindi, wanarudi na wake, watoto na nyara nyingi.

Sasa ndipo maneno yanaanza. Baadhi ya wale waliokwenda wanasema: hawa hawakuenda nasi, kwa hivyo wasipewe nyara. Kila mtu achukue mke wake na watoto wake, aende zake. Daudi anakataa. Anasema mali hii ni Bwana ametupa, na fungu la aliyeteremka vitani na fungu la aliyebaki na vyombo yatakuwa sawasawa. Tena haishii kusema. Biblia inasema alilifanya jambo hilo kuwa sheria katika Israeli tangu siku ile.

Angalia vizuri wale watu walikuwa tayari kuwapa wenzao nini: mke na watoto. Ni kama walikuwa wanasema, “Familia yako si unayo? Unataka nini tena?” Maneno hayo bado yanasemwa. Anaambiwa mama aliyeacha kazi kulea, na yule anayemtunza mzazi aliyepooza, au ndugu anayeishi na ulemavu. Una familia yako, mshukuru Mungu, nyara waachie waliokwenda vitani.

Swali langu leo ni hili: aliyebaki kutunza ana haki ya fungu, au ana haki ya kushukuriwa tu?

Hesabu ya aliyebaki

Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja hapa mjini kuanzia Januari 2003 hadi Desemba 2013. Miaka hiyo mfanyakazi alikatwa shilingi 200 za NSSF kila mwezi na mwajiri akaongeza 200. Miezi 132 mara shilingi 400 ni shilingi 52,800, ukiacha riba. Mwaka 2013 nilijifungua kijana wetu, na kabla mwaka haujaisha madaktari wakatuambia ana mtindio wa ubongo. Niliacha kazi mimi, kwa sababu mshahara wangu ndio uliokuwa mdogo. Tangu Januari 2014 akaunti ile ikanyamaza.

Kazi haikunyamaza. Kumwinua, kumlisha kijiko kwa kijiko asipaliwe, kumgeuza usiku, mazoezi ya viungo, safari za kliniki. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo ofisini. Lakini kwa jinsi mfuko wetu ulivyojengwa, mwezi ambao hukuwa na mshahara wala hukuchangia mwenyewe ni mwezi mtupu. NSSF ni akaunti yako: kinachoingia, pamoja na riba, ndicho utakachokikuta ukifika miaka 60. Mfuko hauulizi ulikuwa wapi.

Wakati huohuo waliobaki kazini mambo yao yamesonga. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka huohuo wa 2013, ikakwama mahakamani miaka mingi, mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoiruhusu Februari 2023. Sasa mfanyakazi anatoa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 6, hadi kiwango kilichowekwa. Mwenzangu wa meza ya pili, akiwa na mshahara wa 50,000, anawekewa shilingi 6,000 kila mwezi. Namfurahia kweli, naye alipigana vita vyake. Lakini kwa mwezi mmoja anawekewa kilichonichukua mimi miezi 15.

Na uzee wenyewe una ngazi. Serikali inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii, na kuna sehemu ya mpango huo kwa nyumba zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Tunashukuru, maana iko nyumba ambayo hiyo ndiyo unga wa mwezi. Lakini kati ya 60 na 70 kuna miaka kumi. Mama aliyebeba mtoto mzito kwa miaka 20 anafika hapo mgongo umekwisha, akaunti haina kitu, na mtoto bado anahitaji kubebwa.

“Upendo hauhesabu”

Najua kuna mpendwa anasoma hapa na moyo wake unasema: dada, unahesabu? Upendo unahesabu? Si thawabu yako iko mbinguni?

Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Sikumtunza kijana wangu nikitarajia malipo. Mtu akiniambia leo niandike bei ya usiku mmoja, sitajua nianzie wapi. Wenye kupenda hawaweki risiti.

Lakini tumwangalie Paulo katika 1 Wakorintho 9. Anaanza kwa kutetea haki ya mhudumu kuishi kwa kazi yake. Anataja askari, mkulima wa mizabibu, mchungaji wa kundi, hata ng'ombe apurae nafaka. Anathibitisha kwamba haki hiyo ni ya kweli. Ndipo anasema kwamba yeye mwenyewe hakuitumia. Usigeuze mpangilio huo. Haki ilikuwa ya Paulo, kwa hivyo Paulo ndiye aliyeweza kuiacha. Wakorintho hawakuwa na ruhusa ya kuiacha kwa niaba yake, halafu wamsifu kwa unyenyekevu wake huku mifuko yao ikiwa imefungwa.

Hapo ndipo nimepata jibu langu. Anayetoa anaweza kusema, “Sihesabu.” Anayepokea hawezi kumsemea. Mimi nikisema kazi hii naifanya kwa upendo, ni ushuhuda. Ndugu zangu, mwajiri, kanisa au serikali wakisema, “Yeye anafanya kwa upendo, kwa hivyo hatudaiwi,” hiyo si ibada. Hiyo ni njia tamu ya kutolipa.

Msamaria mwema naye alijua kuhesabu. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kwamba chochote atakachozidisha kwa kumtunza mgonjwa atamlipa akirudi. Huruma yake ilitambua kwamba anayekesha na mgonjwa anatumia kitu. Hakumwambia, “Mungu atakubariki,” akapanda mnyama wake akaondoka.

“Watoto ndio pensheni”

Pingamizi la pili ni letu kabisa sisi Waafrika, na tena lina andiko. 1 Timotheo 5 inasema watoto na wajukuu wajifunze kuwarudishia wazazi wao mema. Amina. Na Yesu katika Marko 7 aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Hakuna pensheni inayomwondolea mtoto wajibu huo.

Lakini mwambie hivyo mama ambaye mtoto wake hatawahi kushika kijiko. Kwangu mimi mambo yamegeuka: uzeeni nitahitaji kutunzwa huku bado natunza. Na nikisema binti yangu mdogo ndiye atakayekuwa pensheni yangu, maana yake atanitunza mimi na kaka yake pamoja. Basi naye ataacha kazi akiwa na miaka 35, akaunti yake itanyamaza, na yeye pia atamtazama mtoto wake. Umaskini utarithiwa kama jina la ukoo. Watoto kuwaheshimu wazazi ni amri ya Mungu. Sisi kuwaachia watoto mzigo ambao tungeweza kuupunguza mapema, sioni andiko linaloamuru.

Yusufu hakungoja miaka ya njaa ndipo aombe kwa bidii. Aliweka sehemu ya tano ya mavuno kila mwaka kwa miaka saba ya shibe. Ile ghala ilikuwa imani yenye kufuli na daftari.

Daudi alilifanya kuwa sheria

Tumwangalie tena Daudi. Angeweza kuwaambia wale 400, “Jameni, muwe na moyo mkunjufu, kila mtu ampe mwenzake kidogo.” Hapo wale 200 wangetegemea nani ana rafiki na nani hana. Aliweka sheria kwa sababu alijua moyo wa mtu baada ya ushindi unasahau nani alilinda mizigo.

Nchi nyingine zimeweka sheria ya namna hiyo. Uingereza, kuanzia mwaka 1978, ilianza kulinda pensheni ya serikali ya waliokaa nyumbani kulea watoto au kumtunza mtu mwenye ulemavu. Miaka yao ya kutunza ilipunguza idadi ya miaka iliyotakiwa ili mtu apate pensheni kamili. Mwaka 2010 mpango huo ukageuzwa, mtu akawa anaandikiwa mchango kwa kipindi anachotunza. Ujerumani, kwa kila mtoto aliyezaliwa tangu 1992, mzazi anayelea anahesabiwa miaka mitatu kana kwamba alichangia kwa mshahara wa wastani. Si ati nchi hizo ni takatifu. Kule Uingereza kenyewe imegunduliwa baadaye kwamba wanawake wengi hawakuandikiwa miaka yao sawasawa, na serikali ikalazimika kuwatafuta na kuwalipa. Hilo nalo ni funzo: haki ambayo haikuandikwa mahali ni rahisi kupotea.

Na kwetu? Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Ibara ya 57 inataka wazee waishi kwa heshima na watunzwe na familia pamoja na serikali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema wazi kwamba mchango katika ndoa si pesa peke yake. Kazi za nyumbani ni mchango, na kulea watoto ni mchango. Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema mali igawanywe kulingana na mchango wa kila mmoja, ukiwemo huo usio wa pesa. Kwa hivyo sheria yetu inajua kwamba kulea ni kazi, lakini inakumbuka hilo ndoa inapovunjika. Tukibaki pamoja kwa amani, yule yule mama hana alama yoyote katika daftari la pensheni.

Nitasema ukweli wote: kwetu si rahisi kama Uingereza. Kule mzee analipwa kutokana na michango na kodi za wanaofanya kazi leo, kwa hivyo kumwandikia mtu mwaka ni uamuzi wa sheria. Kwetu NSSF ni akaunti ya kila mtu. Kumwandikia mama mwezi mmoja ni lazima mtu aweke shilingi halisi, na watu wengi wa jua kali hawachangii kabisa. Je, mama mboga alipe kodi ili mke wa meneja aliyeacha kazi awekewe pensheni? Hilo ni swali la haki pia. Mimi naona serikali ingeanza na wanaotunza watu wenye ulemavu mkubwa, ambao tayari inawajua kupitia Inua Jamii. Hilo tuwaambie wabunge wetu, na tuliombee. Lakini hatuhitaji kungoja Bunge ili Besori ya nyumbani kwetu iwe na sheria.

Yule aliyeko jikoni kwako

Asubuhi mapema ukisimama Lower Kabete Road utawaona wakina dada wakishuka kwa matatu au wakitembea kutoka Kangemi na Gachie, wakiingia kwenye mageti yetu ya Spring Valley. Wengine wanalala humo humo ndani. Wanabeba watoto wetu, wanawaosha wazee wetu. Wewe unaenda vitani Westlands au Upper Hill, mizigo yako inabaki na nani? Kila mshahara unaoupokea, kuna mtu alikaa na vyombo ili uupate.

Dada huyo kisheria ni mfanyakazi, na mwajiri wake ni wewe. Tuseme mshahara wake ni shilingi 16,000. Asilimia 6 ni 960. Anakatwa 960, nawe unaongeza 960, jumla 1,920 kwa mwezi, zaidi ya 23,000 kwa mwaka, ukiacha riba. Amekaa kwako miaka minane? Piga hesabu mwenyewe. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Naona ule mchango ambao haukupelekwa ni sehemu ya ujira. Hausikiki leo kwa sababu dada ana miaka 29. Utasikika akiwa na 60, na wewe hutakuwepo kuusikia. Lakini Bwana atakuwepo.

Mnakaa kwenye kiti kimoja hapa kanisani, mnaitana mpendwa. Basi Jumatatu asipungukiwe na kile alichokuwa nacho Jumapili.

Nyumbani kwetu

Mwaka jana nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuchangia NSSF kwa hiari. Akaniuliza, “Kwani pensheni yangu si yetu?” Swali zuri, na najua aliuliza kwa moyo safi. Nikamwambia, ni yetu tukiwa wote wawili hai na tumepatana. Lakini tukizeeka nikihitaji dawa, sitaki kuomba kama mgeni. Tena nikamsomea habari ya Besori. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, “Nitakuwa natuma elfu moja kila mwezi mshahara ukiingia.” Na anatuma. Akiandika ujumbe wa M-Pesa kunijulisha haandiki “msaada.” Anaandika “fungu lako.” Elfu moja haitajaza miaka niliyokosa, hilo tunalijua wote wawili. Lakini kila mwezi namba ile inasema kwamba kazi iliyofanyika nyumbani humu ilionekana.

La kufanya wiki hii

Kwanza, omba taarifa yako ya michango NSSF. Ofisi kuu iko Social Security House, Bishops Road, na kuna huduma hiyo Huduma Centre. Angalia kama mwajiri wako wa zamani alipeleka kila mwezi, na jina la unayetaka arithi liko sawa.

Pili, kama kwenu kuna ndugu aliyeacha kazi kumtunza mama, baba au mtoto mwenye ulemavu, iteni kikao. Msiishie kuchangia dawa na diapers. Mfuko unapokea michango ya hiari, na mpango wa Haba Haba unaanzia shilingi 25 kwa siku. Ndugu watano wakitoa 200 kila mmoja, hiyo ni 1,000 kwa mwezi kwa jina lake. Tunachanga harusi na matanga, hili halitatushinda.

Tatu, kama una dada wa nyumbani au yaya, mwandikishe. Mweleze makato yake kabla hujakata, na umwonyeshe taarifa ili ajue pesa imefika.

Nne, vikundi vya nyumbani vitafute wale ambao hawaji ibadani kwa sababu hawana wa kumwachia mgonjwa. Nendeni mkakae na mizigo saa mbili, naye aje asikie neno.

Tuombe

Bwana, wewe uliona Besori. Uliwaona wale 200 walioketi kando ya maji wakiwa wamechoka, na hukuwaita wavivu. Waone na wa leo, walio macho usiku huu kando ya kitanda cha mtu. Wape nguvu za kesho. Nasi uliotupa nyara, tufungue mikono tukumbuke kwamba wewe ndiwe uliyetupa, ili kila aliyelinda mizigo apate fungu lake. Katika jina la Yesu, amina.